Eti Ni Kipande cha Kitambaa Tu

Mwisho wa Agosti 2024, shule zilipofunguliwa kwa muhula wa tatu, tuliitwa mkutano wa wazazi katika shule moja ya msingi hapa Mombasa. Wiki chache nyuma Wizara ya Afya ilikuwa imetangaza mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini Kenya, msafiri aliyepatikana mpakani Taveta, na kila mtu alikuwa na habari yake ya kusimulia. Tulikaa katika darasa la Gredi ya Tatu, kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda hadi kifuani. Madirisha manne ya upande wa bahari yalikuwa yamepigwa misumari kwa sababu ya wezi wa vitabu, na jasho lilitutiririka hata kabla ya dua ya kufungulia. Ajenda zilipokwisha tukafika kwenye mengineyo, mwenyekiti wetu akasimama: "Ikiingia nyingine tusingoje wizara. Siku ya kwanza, maski kwa kila mtoto. Asiye na maski asipite geti. Jamani, ni kipande cha kitambaa tu."

Tukapiga makofi. Hakuna aliyesema kwamba mpox huenea zaidi kwa ngozi kugusana na ngozi, na kwamba mwenyekiti alikuwa ameagiza dawa ya ugonjwa mwingine. Nami nilipiga makofi. Makala haya ni fidia ya makofi yale.

Kauli ile si ya mwenyekiti peke yake. Nimeisikia kwenye matatu, kwenye baraza ya kahawa, redioni asubuhi, na kwa watu waliosoma hadi wakachoka. Imekuwa kama kanuni ya dini: maradhi ya hewa yakija, shuleni huanza barakoa, mengine baadaye. Miaka imepita tangu korona na hatujakaa kitako kuhesabu amri ile ilitugharimu nini na ilitupa nini. Tumeihifadhi kabatini ikiwa imepigwa pasi, tayari kwa safari nyingine.

Tuwatendee haki wenye kauli hiyo, kwa sababu si wajinga wala si wabaya. Wanasema hivi. Virusi hutoka kinywani na puani. Kitambaa hupunguza kinachotoka na kinachoingia. Watoto ni wengi, hawatulii, na wanarudi nyumbani kwa mabibi na mababu ambao ugonjwa huwachukua haraka. Chanjo huchelewa, madarasa hayajengwi kwa usiku mmoja, lakini barakoa hupatikana leo, kwa bei ya andazi. Mtoto huzoea upesi kuliko mtu mzima. Na hata kama msaada wake ni mdogo, wanasema, haidhuru kitu.

Nami niweke langu mezani kabla sijaanza kubishana. Sina ugomvi na barakoa ya daktari, wala ya anayemhudumia mgonjwa wa kifua kikuu, wala ya mwalimu mwenye kisukari anayeamua kujilinda. Hata kwa mwanafunzi wa sekondari, wakati maradhi yamepanda na darasa limefungika, barakoa naikubali, mradi anayeiamuru ndiye anayeitoa. Ninachopinga ni ile amri ya jumla, ya mtoto wa miaka 5 sawasawa na wa miaka 15, inayosimama getini kama askari. Na zaidi napinga kazi iliyofanywa na amri hiyo pale nyuma, tusipotazama.

Kwanza: "Ni bei ndogo"

Tuanze na pesa, kwa kuwa hapo ndipo neno "tu" linapodanganya zaidi.

Serikali ya Kenya, tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2003, humtengea kila mtoto wa shule ya msingi ya umma fungu lake la mwaka. Fungu hilo, wakati wa korona, lilikuwa shilingi 1,420. Hapo ndani mna vitabu, chaki, matengenezo na mengine yote. Sasa chukua barakoa ya karatasi, ile ya kutumia mara moja, ambayo wachuuzi wa Kongowea walianza kuiuza shilingi 50 kisha ikateremka mpaka 10. Mwaka wa kawaida una wiki 39 za masomo, yaani siku 195. Barakoa moja kwa siku kwa shilingi 10 ni shilingi 1,950. Kwa hiyo kile kipande "tu" kilikuwa ghali kuliko thamani ambayo taifa zima limeamua kuiweka juu ya masomo ya mtoto kwa mwaka mmoja. Mwenye watoto watatu ajumlishe mwenyewe.

Mtaniambia angenunua ya kitenge, afue. Vizuri. Mwongozo wa afya ulitaka barakoa ya kitambaa ifuliwe kila siku kwa sabuni, ibadilishwe ikilowa. Mama wa Kisauni anayenunua maji kwa mwenye mkokoteni, mtungi mmoja baada ya mwingine, alipaswa kuyagawa: ya kupika, ya kuoga, ya kutawadha, na ya kufulia barakoa nne za watoto wawili, mbili za leo na mbili za kesho. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walioandika mwongozo walikuwa na mifereji.

Na kilichotokea ni kile ambacho kila mwalimu anakijua ingawa hakimo kwenye ripoti. Mtoto wa kwanza hupita geti na barakoa, huzunguka nyuma ya vyoo, huichomoa, huipitisha kwenye tundu la ua wa seng'enge. Mwenzake huivaa, naye hupita. Nimeona kwa macho yangu kitambaa kimoja chenye picha ya samaki kikiwaingiza shuleni watoto watatu. Ungetaka kubuni njia ya kusambaza mafua, usingepata bora kuliko hiyo. Getini, lakini, hesabu ilikuwa safi: wote walivaa.

Wasiojua kupenyeza walirudishwa nyumbani. Hapa nataka msomaji akumbuke tarehe. Shule zilifungwa kwa tangazo la 15 Machi 2020. Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirudi 12 Oktoba. Wengine wote wakangoja hadi 4 Januari 2021. Karibu miezi kumi bila darasa. Halafu asubuhi ile ya kurudi, mtoto amevaa sare iliyomfupika kwa sababu amekua akiwa nyumbani, anaambiwa na mlinzi wa shule moja ambayo siitaji: rudi kwa mamako akakununulie. Tuliyakataza malipo ya kuingilia shule mwaka 2003, tukayarudisha mwaka 2021 yakiwa na kamba mbili za kufunga masikioni.

Pili: "Sayansi imesema"

Imesema wapi, na imesema nini hasa? Maana sayansi hii inanukuliwa sana na watu ambao hawakuifikisha ukurasa wa pili.

Tarehe 21 Agosti 2020, Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walitoa ushauri wao kuhusu barakoa za watoto. Ulisema mtoto wa miaka 5 na chini asilazimishwe. Wa miaka 6 hadi 11, tazama kwanza: maradhi yameenea kiasi gani mahali hapo, mtoto ataweza kuivaa sawasawa, kuna barakoa na njia ya kuzifua, kuna mtu mzima wa kumsimamia, na itamfanyia nini katika kujifunza na katika nafsi yake. Wa miaka 12 na kuendelea ndio waliofananishwa na watu wazima. Soma tena yale masharti ya kundi la kati. Kila moja lingeweza kuandikwa na mwalimu wa Likoni. Lakini kwetu masharti yalikatwa, ikabaki amri, na nikawaona watoto wa chekechea, wa PP1, wenye miaka 4 wakifungwa vitambaa getini kwa jina la shirika lilelile lililosema wasifungwe.

Kuhusu ushahidi wenyewe, jaribio kubwa kuliko yote lilifanywa Bangladesh, vijiji 600, watu wazima zaidi ya 340,000. Waligawiwa barakoa bure, wakahimizwa msikitini na sokoni. Uvaaji ulipanda kutoka kama asilimia 13 hadi 42. Katika vijiji vilivyopewa barakoa za hospitali, maambukizi yenye dalili yalipungua kama asilimia 11. Kwa barakoa za kitambaa, matokeo hayakuwa bayana. Hilo ni jambo la kuheshimiwa, sikatai. Ila waliopimwa ni watu wazima, waliopewa barakoa bure, na iliyofaa ni ile ya hospitali. Sisi tulichukua matokeo ya mtu mzima mwenye barakoa ya bure ya hospitali, tukamvika mtoto kitenge alichonunua.

Kwa watoto wenyewe, ushahidi umegawanyika. Boston na vitongoji vyake, mwanzoni mwa 2022, wilaya nyingi za shule ziliondoa amri na chache zikaendelea nayo. Zilizoiondoa zikapata wagonjwa takriban 45 zaidi kwa kila wanafunzi na wafanyakazi 1,000 katika wiki 15. Wapinzani wangu waichukue hiyo, ni yao. Lakini wachukue na ya Catalonia, Hispania, ambako barakoa zilikuwa lazima kuanzia miaka 6. Watafiti waliwalinganisha watoto wa miaka 5 wasiovaa na wa miaka 6 waliovaa, katika rekodi za watoto karibu laki sita, na hawakuona tofauti ya maana. Tafiti zote mbili ni za kutazama yaliyotokea, wala hapakupigwa kura ya nani avae na nani asivae, kwa hiyo mwenye busara haapi kwa wowote. Ninachouliza ni hiki: jambo lenye ushahidi wa kusuasua namna hii linapewaje ukali wa kumrudisha mtoto nyumbani?

Tatu: "Watoto huzoea"

Huzoea, naam. Mtoto huzoea hata njaa. Kuzoea kwake ni dalili ya udhaifu wake mbele yetu, si ushahidi kwamba tulichompa kinamfaa.

Na tazama alivyozoea. Aliizoea kidevuni, mfukoni, kwenye kiwiko, na kama kamba ya kumfungia mwenzake miguu wakati wa mapumziko. Mombasa, Februari, kaskazi imepungua, paa la mabati linapasha kichwa tangu saa nne asubuhi: kitambaa hulowa jasho kabla ya somo la pili, na kikishalowa hewa hupita pembeni, pale shavuni, ambapo hakuna kizuizi chochote. Mtoto aliyeivua hakuwa mtundu. Alikuwa anatafuta pumzi.

Lakini hasara kubwa ilikuwa mahali ambapo hapakuandikwa alama. Mchukue mwalimu wa PP2 anayefundisha silabi. Ba, pa, ma, fa, va: mtoto huzisoma kwanza midomoni mwa mwalimu kabla ya kuzisoma ubaoni. Mwongezee th na dh, ambazo ncha ya ulimi lazima ionekane kati ya meno, ndipo mtoto aone kwamba thamani si samani na dhahabu si "zahabu". Ustadh wa madrasa anayefundisha makharij hushika hata kidevu chake na kufungua kinywa mbele ya watoto ili waone herufi inatokea wapi. Wote hawa tuliwafunika midomo, kisha tukawaambia waendelee na silabasi. Mwalimu mmoja wa chekechea aliniambia kwamba mwaka ule alifundisha kusoma kama mtu anayefundisha kuogelea kwa simu.

Na wale viziwi, ni nani aliyewataja mkutanoni? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya na kuitaka serikali iikuze. Lugha hiyo haisemwi kwa mikono peke yake. Nyusi, mashavu na mdomo hubeba sehemu ya sarufi: kama ni swali, kama ni kukanusha, kama jambo ni dogo au kubwa. Funika nusu ya uso na umemfutia nusu ya sentensi. Wapo na wasiosikia vizuri wanaokaa katika madarasa ya kawaida, ambao wazazi wao hawajui kwamba mtoto husoma midomo. Mtoto mwenyewe hajui. Ghafla mwaka 2021 akawa "mzito". Barakoa zenye dirisha la plastiki zilikuwako, niliziona pichani.

Neno barakoa lenyewe ni la zamani hapa Pwani. Wazee wa Unguja walilijua kama pambo la uso la mabibi wa kifahari, lililotariziwa. Waliolivaa hawakuwa na kazi ya kufundisha mtu herufi.

Nne: "Na bibi je?"

Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa hiyo sitaipitia mbio.

Ni kweli kwamba korona iliwaumiza wazee kupita kiasi na watoto wengi iliwapita kama mafua. Ni kweli pia kwamba kwetu mzee hawekwi mbali. Analala chumba kimoja na wajukuu. Ukisikia hivyo, barakoa ya shuleni inaonekana kama ngome ya bibi.

Basi tuifuate ngome hiyo kwa siku moja. Saa nne asubuhi darasa zima linavua ili linywe uji, ndani ya chumba kilekile, bega kwa bega. Saa saba linavua tena kula. Saa tisa kengele inalia, barakoa inaingia mfukoni, mtoto anapanda matatu, ambayo kuanzia Agosti 2021 iliruhusiwa kujaza viti vyote. Jioni anacheza mtaani. Usiku anakula sinia moja na bibi yake. Katika saa 24 ngome imesimama labda saa tano, ikiwa na milango wazi pande zote mbili. Sisemi kwamba haikuzuia hata punje moja. Nasema kwamba aliyetaka kumlinda bibi kwa dhati angemtazama bibi mwenyewe. Chanjo zilianza kutolewa Kenya Machi 2021, na baada ya miezi michache zikawa za kuhesabu kwa sababu waliozitengeneza na waliozinunua mapema walizishika. Hasira tuliyopaswa kuielekeza huko tuliimalizia getini, kwa mtoto wa Gredi ya Pili.

Tulimbebesha na jingine zito zaidi. "Vaa maski, utamuua bibi." Nani hakusema? Mimi nilisema. Mpwa wangu alikuwa na miaka 8 bibi yake alipofariki mwaka 2021, kwa kisukari kilichomsumbua miaka mingi, wala hakuwa na korona. Wiki tatu baada ya matanga alinijia jikoni akaniuliza kama ni ile siku aliyopoteza barakoa yake kwenye matatu. Nikamwambia hapana. Alinitazama kama mtu anayepewa pole na mwongo, kwa kuwa yule aliyemwambia ataua alikuwa ni mimi.

Hilo halimo kwenye hesabu ya shilingi 10.

Tano: "Hufundisha nidhamu"

Hii itachukua aya moja. Aprili 2020 ilitangazwa kwamba asiyevaa barakoa mahali pa umma atatozwa faini hadi shilingi 20,000 au afungwe hadi miezi sita. Septemba na Oktoba mwaka huohuo wanasiasa wa kambi zote walizunguka nchi na mikutano ya maelfu, wamesimama juu ya magari, midomo wazi, wakipokezana kipaza sauti. Mikutano hiyo ilisimamishwa tarehe 4 Novemba, maambukizi yalipokwisha kupanda. Watoto waliyaona hayo kwenye runinga. Waliona na naibu wa mwalimu mkuu akifoka getini, barakoa yake ikiwa chini ya kidevu ili sauti itoke vizuri. Walijifunza, tena haraka: barakoa huvaliwa kwa ajili ya anayekutazama. Wakaivaa hivyo.

Sita: "Kama haifai sana, haidhuru"

Hapa ndipo ninapogombana nao kwelikweli.

Jaribu kufikiria jiko la mkaa limewashwa chumbani na moshi umejaa. Kuna mama yeyote wa Kiswahili atakayewaambia wanawe wafunge kanga midomoni waendelee kukaa? Atafungua dirisha. Atalitoa jiko uani. Virusi vya korona, tulivyokuja kuambiwa kwa kuchelewa, husafiri hivyo hasa, kama moshi mwembamba unaotoka kinywani na kubaki umeelea katika chumba kisicho na upepo. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima wa kupitisha hewa safi ndani ya majengo. Je, ni dirisha gani la shule lililofunguliwa Mombasa kwa sababu ya mwongozo huo? Sikusikia ukaguzi wa madirisha. Nilisikia ukaguzi wa nyuso.

Hiyo ndiyo kazi ambayo barakoa iliifanya nyuma yetu. Wizara ya Elimu ilikiri waziwazi, shule zilipokuwa zikijiandaa kufunguliwa kwa wote, kwamba nafasi ya kutosha baina ya mtoto na mtoto haitapatikana katika shule nyingi, basi mkazo uwe barakoa. Itafakari sentensi hiyo. Darasa lina watoto 80 kwa sababu hatukujenga la pili. Darasa la pili lingepunguza maambukizi, lingepunguza kelele, lingemwezesha mwalimu kumjua mtoto kwa jina, na lingebaki hata ugonjwa ukiondoka. Hilo ni deni la serikali. Kwa amri moja deni likahamishwa: sasa mwenye kosa ni mtoto asiye na kitambaa, na mdaiwa ni mama yake. Nchi iliyoshindwa kutoa chumba ilifaulu kudai kamba mbili za masikio.

Maji vilevile. Kabla ya korona, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2019, asilimia 43 ya shule ulimwenguni hazikuwa na mahali pa kunawa mikono kwa maji na sabuni. Watoto milioni 818. Kwetu yaliletwa madumu yenye bomba na kanyagio la mguu, yakapigwa picha. Nenda leo ukayatafute. Mengine yamegeuzwa ya kuhifadhia chaki.

Wala dawa ya hewa si ngeni. Mwaka 1904 Wajerumani walifungua Charlottenburg, karibu na Berlin, shule ya msituni ya watoto dhaifu waliohofiwa kupata kifua kikuu. 1908 Wamarekani wakaanzisha darasa la hewa wazi Providence, madirisha yameachwa wazi, watoto wamejifunika mablanketi kwenye baridi. Walikuwa na theluji na wakafungua. Sisi tuna miembe, mikwaju na upepo wa kusi. Miaka yote tumeona haya kwa watoto wanaosomea chini ya mti, na tuna haki ya kuona haya. Ila mwaka 2021 mti ule ulikuwa darasa salama kuliko jengo lolote la kaunti, na sisi tukawaingiza ndani, tukafunga mlango, tukawakagua pua.

Kwa hiyo ukiniambia haidhuru, nakwambia imedhuru kwa kuridhisha. Barakoa inaonekana kwa jicho, inahesabika, inapigwa picha, mkaguzi anaiona akiwa bado garini. Hewa haionekani. Kiongozi akishaona nyuso 600 zimefunikwa kwenye gwaride la Jumatatu huandika "hatua zimechukuliwa", na kweli hakuna anayemuuliza jingine. Hatua dhaifu inayotangulia mbele ya hatua nzuri hukaa mlangoni, ile nzuri ikashindwa kupita.

Kuna atakayeniuliza, na nimeshaulizwa: kwa hiyo wataka tufanye alivyofanya Rais Magufuli wa Tanzania? Ni swali la mtu anayedhani duniani kuna vyakula viwili. Tanzania ilizifungua shule zote 29 Juni 2020, mapema kuliko sisi, lakini pia ilikuwa imeacha kutangaza hesabu ya wagonjwa tangu Mei. Idadi ikagandia 509 kana kwamba ugonjwa uliambiwa usubiri. Mzazi wa Tanga alimpeleka mwanawe shule bila kujua chochote. Kumficha mzazi ukweli ni dhambi moja, kumtwisha mzazi kazi ya serikali ni dhambi nyingine, na mtu anaweza kuzikataa zote mbili bila kuhama nchi.

Nirudi mkutanoni. Baada ya makofi, mweka hazina alipendekeza uanzishwe "mfuko wa maski", shilingi 200 kwa kila mtoto, zikae tayari. Shule ina watoto zaidi ya 600. Hoja ilipita bila kupingwa, na mama mmoja aliyekaa mbele yangu, ambaye huuza viazi karai nje ya geti, akanyoosha mkono naye huku akihesabu kitu kwa vidole vya mkono wa pili.

Juma lililofuata nilikwenda na fundi kumwonyesha yale madirisha manne. Aliyagonga, akatazama mbao, akasema kung'oa misumari, kutia makomeo ya ndani na waya wa kuzuia wezi, na wa mikono yake, ni shilingi 6,500 kwa yote. Nikampelekea mwenyekiti karatasi ya makadirio. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara mbili, akasema jambo hilo ni zuri sana, lakini kwa kuwa si la dharura ataliweka kwenye mengineyo ya mkutano ujao.